Maji Baridi kwa Bahari ya Kizota

Kwa wasioijua Dodoma ya miaka ile, niseme kwanza kwamba maji yalikuwa ya kutafutwa. Nyumba yetu ya wageni pale Kizota ilikuwa na kisima chake, jambo la kujivunia, ila maji yake yalikuwa na chumvi ya kukera. Ukioga unatoka ngozi inavuta, na sabuni inakataa kutoa povu. Wageni wakilalamika tuliwajibu kwa adabu kwamba ndiyo Dodoma. Katikati ya shida hiyo ya maji, mume wangu alifuga bahari.

Naisema kama ilivyokuwa. Ilikaa mapokezi, mkono wa kushoto ukiingia, ndani ya tangi refu la kioo lililobebwa na fremu ya chuma. Mafundi wa Kizota walioichomelea fremu ile walizoea kutengeneza mabirika ya kunyweshea mifugo, na waliuliza kwa dhati ni ng'ombe gani huyo anayetaka kunywa huku akitazamwa. Ndani mlikuwa na maji ya chumvi, mchanga mweupe, mawe, matumbawe hai ya rangi ambazo sijaziona hata kwenye vitenge, na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, ambao kazi yao ilikuwa kwenda upande mmoja na kurudi. Wageni wakiingia walishangaa mpaka wakasahau kuuliza kama bafuni kuna maji.

Mume wangu ni mtu wa Tanga. Alihamishiwa Dodoma na shirika lake la umma, akaniona, akanioa, na watu wa kwao wakasema amepotelea bara. Kisha likaja soko huria. Shirika likabinafsishwa, na wenye shirika wapya wakagundua kwamba kazi aliyoifanya mume wangu miaka yote ile inaweza kufanywa na mtu yeyote, au isifanywe kabisa. Wakampa mafao, mkono wa kwaheri na saa ya ukutani. Tukajenga nyumba ya wageni, kwa sababu wakati ule kila aliyepunguzwa kazini ama alifuga kuku wa kisasa ama alijenga nyumba ya wageni, na kuku tulikuwa tumewaona wanavyokufa kwa jirani.

Nyumba ilipokwisha, akalala. Sisemi usingizi. Alilala ameelekea ukutani, macho wazi, chai ikapoa, mchana ukapita, na mimi nikawa napokea wageni huku nikiwaambia kwamba mzee amesafiri. Nilizoea kuongea na mgongo wake. Niliuambia habari za watoto walioko shule ya bweni, habari za pampu ya kisima, habari za Bunge linaloanza. Mgongo haukujibu.

Kilichomwamsha ni Mzungu wa mradi wa visima, yule yule aliyetuchimbia kisima chetu cha chumvi. Mradi ulikwisha, akawa anauza vitu vya nyumbani kabla ya kurudi kwao. Mtaa mzima ulikimbilia magodoro na majiko. Mimi nilimbembeleza mume wangu aende akatuletee friji. Alirudi nyuma ya mkokoteni uliobeba tangi la kioo, taa, pampu, mtungi wa kutoa uchafu wa maji kwa povu na ndoo za chumvi maalumu ya kutengenezea maji ya bahari. Nilitukana kimoyomoyo. Lakini kesho yake aliamka kabla yangu, akanawa, akanyoa ndevu, akaketi mbele ya kile kioo akarekebisha taa. Kuanzia siku ile nikaamua kuipenda bahari. Kioo kile ndicho kilichokuwa kinamtoa kitandani, na nilijua kikifa nitarudi kuongea na mgongo.

Ndipo wakaja minyoo. Walikuja na jiwe lenye tumbawe jipya, zawadi kutoka kwa jamaa yake wa Dar es Salaam. Ni minyoo bapa, wekundu wa kutu, hawafikii punje ya mchele, wamelala juu ya jiwe kama magamba yaliyobanduka kwenye bati kuukuu. Hawaumi mtu wala hawatafuni matumbawe. Wanachofanya ni kuongezeka, tena kwa kujikata: mmoja anagawanyika wanakuwa wawili, bila posa wala mahari. Wanapenda mwanga, kwa hiyo wanajipanga juu ya matumbawe na kuyazibia taa mpaka yanasinyaa.

Neno minyoo likapigwa marufuku mapokezi. Wateja wetu walikuwa watumishi wa serikali, watu wa Bunge na wanafunzi waliokuja kufuatilia mambo yao wizarani, na mgeni akisikia nyumba ina minyoo haulizi kama ni ya tumbo au ya baharini. Tukawaita kutu. "Kutu imezidi leo," nilimwambia mume wangu mbele za watu, naye akajibu, "Nitaitoa asubuhi." Mzee mmoja karani, mtu mwema sana, alituonea huruma, akatuelekeza duka linalouza rangi nzuri ya kuzuia kutu.

Dawa yake ya kwanza ilikuwa kuwanyonya. Alichukua mpira wa dripu, upande mmoja majini, upande mwingine mdomoni, akavuta pumzi, maji yakaanza kushuka kwenye ndoo pamoja na kutu. Kila asubuhi alimeza bahari kidogo. Alisema haina ladha ya kwao.

Tabu ni kwamba kila unaponyonya minyoo unanyonya na bahari. Ndoo za chumvi za yule Mzungu zilipokwisha ikabidi tuagize maji yenyewe ya bahari kutoka Dar es Salaam, kwenye madumu, juu ya basi. Nilikuwa nayapokea mimi stendi. Konda mmoja alishindwa kuvumilia.

"Mama, samahani, haya maji ni ya mganga au ya mchungaji?"

"Ni ya mume wangu."

"Anaumwa?"

"Ana bahari."

"Pole sana, mama," akasema, akanisaidia kulibeba dumu mpaka kwenye mkokoteni bila kudai kitu.

Mambo yalikuwa yanaenda hivyo hadi simu ilipopigwa kutoka Tanga kwamba mama mkwe anaumwa. Mume wangu akafunga begi. Kabla ya kuondoka alinipa mafunzo marefu kuliko aliyonipa tulipopata mtoto wa kwanza: chakula cha samaki kidogo, kutu inyonywe kila asubuhi, dumu la akiba lisiguswe, na zaidi ya yote, maji yetu ya kisima yasiingie humo hata tone. "Si yana chumvi?" nikamwuliza. Akanitazama kama nimetukana ukoo. Basi mimi, binti wa Kigogo, niliyeiona bahari mara moja tu siku ya kupelekwa ukweni, nikawa naimeza kila siku kabla ya chai.

Mama mkwe alipona. Mume wangu hakurudi. Nilipopiga simu dukani kwa mdogo wake, nilijibiwa kwa furaha, "Shemeji, kaka yuko pwani anapunga upepo." Siku nyingine alipokea mama mkwe mwenyewe, sauti imeshiba. "Mwanangu, mwache apumzike. Si yuko kwao?" Neno hilo la kwao lilinichoma. Nilijua wanataka nini: abaki, afungue kibanda cha kuuza nyavu, na mimi nifuate au nisifuate.

Yeye mwenyewe nikimpata kwenye simu alikuwa kama yupo kitandani. Nikimwambia habari za wageni anaitika mm. Habari za watoto, mm. Nikimwambia nimemkumbuka, anasema laini ni mbaya. Lakini nikitaja kutu, sauti inasimama. Wako upande gani? Wamefika kwenye tumbawe la kijani? Samaki wanakula? Kwa hiyo nikawa nampa habari za kutu kwa ukamilifu, na siku nyingine nikiongeza kidogo.

Haikuchukua muda kutu ikanipita hata mimi na chumvi zote nilizomeza. Ilifunika kioo, ikafunika mawe, ikapanda matumbawe. Nikampigia. Laini ilikuwa inakatika katika, mtu mwingine anaongea Kichaga katikati yetu, lakini maagizo yalifika.

"Chukua mawe madogo yenye matumbawe," alisema. "Yachovye kwenye maji baridi. Kaa nayo kidogo, wataanza kudondoka wenyewe. Tikisa, kisha rudisha."

"Maji baridi?"

"Baridi, baridi! Hawayawezi hayo!"

Nikaona ni akili kubwa. Viumbe wa bahari ya joto, ukiwatia kwenye baridi watastahimili vipi? Na kwa kuwa maji ya kisima yalikuwa haramu, nilijua ni lazima yawe maji ya bahari, ila ya baridi. Nikalifungua dumu la akiba. Tulikuwa na friji ya soda yenye mlango wa kioo, tuliyopewa na watu wa vinywaji tuwauzie. Nikatoa soda, nikatoa bia, nikajaza majagi ya bahari, nikaongeza baridi mpaka mwisho.

Bunge lilikuwa linaendelea na nyumba imejaa. Mchana akaingia mgeni wetu mmoja wa wizarani, mtu mnene mpole, jua limempiga, suti imemganda mgongoni. Alifungua friji, akakuta majagi yanatoa jasho, akashukuru Mungu kwa sauti. Mimi nilikuwa uani. Nilipoingia alikuwa amekwisha kumaliza glasi nzima, kwa kiu ile ambayo ulimi unapewa taarifa baadaye. Akajaza tena kidogo, akaonja kwa uangalifu, kuhakikisha.

"Mama," alisema, "hiki kisima chenu sasa kimezidi."

"Pole sana, baba. Kiangazi hiki."

"Hapana, nawaambia kwa wema. Hiki mkipime."

Aliporudi chumbani kwake nikafanya kazi yangu. Nilitoa mawe moja moja, nikayatia kwenye beseni la maji ya friji. Na kweli, kutu ikaachia! Walidondoka kwa mafungu, wakalala chini ya beseni, wamekakamaa. Nilipiga kigelegele cha chinichini, nikarudisha mawe kwenye tangi, beseni nikaliweka barazani nikalisahau. Jua likalipasha. Nilipopita jioni, wale maiti walikuwa wanapanda ukingo wa beseni, mmoja mmoja, wamepumzika vizuri. Matumbawe nayo yalikuwa yamejikunja kwa baridi na hayataki kufunguka.

Nikampigia mume wangu.

"Umeyachovya?"

"Nimeyachovya. Na yalikuwa ya baridi kwelikweli, pembeni yameshika barafu."

"Barafu ya wapi?"

"Ya friji. Si ulisema maji baridi?"

"Mke wangu. Maji baridi ni maji yasiyo na chumvi! Ya mto! Ya mvua!"

"Hayo si ni maji tu?"

"Kwetu yanaitwa maji baridi."

"Hata yakiwa ya moto?"

Akafikiri. "Ndiyo," alisema. "Hata yakichemka ni maji baridi."

Na hapo akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, nikamsikia mdogo wake nyuma akiuliza kuna nini, naye akashindwa kueleza. Sikuwa nimekisikia kicheko hicho tangu shirika limpe saa ya ukutani. Nilikuwa nimekasirika, maana huku bara mtu akiomba maji baridi tunajua pa kuyatoa, na wala hatuhitaji majina mawili kwa kitu ambacho chenyewe hatukipati. Lakini machozi yalinitoka kwa furaha, na nikaombea laini isikatike.

"Na ulitumia maji gani?" akauliza, sauti bado ina kicheko.

"Ya dumu la akiba."

Kicheko kikaisha.

Sasa ikawa kutafuta maji yasiyo na chumvi Dodoma, kiangazi, mvua ikiwa ni habari ya mwaka mwingine. Bahati yetu, maji ya chupa yalikuwa ndiyo yameanza kuingia madukani, yana picha ya mlima wenye theluji, na sisi tulikuwa tumenunua boksi kwa ajili ya waheshimiwa. Nikalifungua. Asubuhi ile matumbawe yalioga maji ya chupa, na waheshimiwa wakaoga ya kisima. Lakini yalifanya kazi. Kutu ilijikunja, ikaachia, ikayeyuka, na safari hii jua halikumfufua yeyote. Yakabaki mawe makubwa, mchanga na kioo, ambavyo huwezi kuvitia kwenye beseni.

Wakati huo alifika kaka yangu kutoka Chemba. Ni mfugaji, alikuwa ameleta mbuzi mnadani, akapitia kunisalimia. Aliitazama bahari kwa mara ya kwanza, mikono nyuma.

"Bahari ndiyo hii? Nilidhani ni kubwa."

Nikamweleza habari ya minyoo, kwa sauti ya chini. Akashangaa kwamba nateseka. Mfukoni mwa koti alikuwa na chupa ya dawa ya minyoo ya mbuzi, aliyoinunua asubuhi hiyo kwenye duka la mifugo. "Hii inatolewa kwa uzito," alisema. "Bahari yenu ina uzito wa mbuzi wangapi?"

Nilidhani ni utani, lakini nilipompigia mume wangu akasema yule Mzungu aliwahi kumwambia kwamba hata kwao wapo wanaotumia dawa kama hiyo. Ila alinionya. Mnyoo mmoja akifa anaacha sumu kidogo, wakifa wote kwa pamoja wanaua kila kilichomo. Kwanza ninyonye mpaka wabaki wachache kabisa. Kisha dawa, matone tu. Kisha mkaa wa kunyonya sumu. Kisha maji mapya ya bahari, mengi.

"Maji mapya yako wapi?" nikamwuliza.

Dumu la akiba lilikuwa tupu, na tulilijua wote wawili, yeye Tanga, mimi Kizota.

"Basi subiri," akasema. "Usitie kitu. Nitatafuta mtu wa kukuletea."

Mtu wa kuniletea. Nilikata simu nimevunjika moyo, maana nilikuwa nimetega sikio nisikie neno lingine. Nikanyonya minyoo mpaka taya zikauma, nikamwambia kaka yangu kwamba tunasubiri maji, nikaenda sokoni kununua mboga za wageni.

Kaka yangu ni mtu mzuri, ila hajawahi kuona minyoo ikisubiriwa. Niliporudi alikuwa amekaa kwenye kiti cha mume wangu, ameridhika.

"Nimewapa kipimo cha mbuzi mmoja tu, dada. Mbuzi mdogo."

Maji yalikuwa yamegeuka rangi ya chai. Minyoo niliyodhani nimeimaliza ilikuwa imejificha mchangani, na sasa ilikuwa inatoka kufia nje, inajipinda, inaelea vipande vipande. Samaki wote wawili walikuwa juu kabisa, midomo wazi. Nilikimbilia simu. Alipokea shemeji, nikamwambia amwambie kaka yake kwamba bahari inakufa. Baada ya muda simu ikaita.

"Nakuja," alisema, na kukata.

Tuliponda mkaa wa jikoni, tukauosha, tukautia kwenye soksi za mume wangu na kuzining'iniza mbele ya pampu. Umeme ukakatika, maana mgao ulikuwa haujali msiba wa mtu. Tukashika bakuli, kaka yangu upande mmoja, mimi upande mwingine, tukawa tunachota maji na kuyamwaga humo humo yapate hewa. Wageni walipita wakitusalimia. Samaki wa kwanza alikufa kabla ya chakula cha jioni. Wa pili alitufikisha hadi asubuhi, tukaanza kutumaini, naye akageuka tumbo juu. Kaka yangu aliinamisha kichwa. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa haki, akasema, "Lakini mnyoo hakuna hata mmoja." Na ilikuwa kweli. Kioo kilikuwa safi kuliko siku tuliyokinunua.

Mume wangu alifika jioni, amekonda, ana vumbi mpaka kwenye kope. Kila mkono una dumu, na nyuma yake utingo wa basi kabeba mengine mawili, analalamika. Hakunisalimia. Alienda moja kwa moja kwenye kioo, akainama, akatazama.

"Wamekufa," nikasema.

"Naona."

"Shemeji, minyoo imekwisha kabisa," kaka yangu akasema, na mume wangu akampa mkono, akamshukuru kwa heshima zote. Akafungua dumu. Alitoa maji machafu, akamimina ya Tanga polepole, akiyapokea kwa kiganja ili yasipige mchanga. Matumbawe yalikuwa bado yamejifunga lakini yana rangi. Alisema yanaweza kupona. Nilisimama nyuma yake nikitazama mgongo wake, na nilitaka sana kumwuliza amekuja kwa ajili ya bahari au kwa ajili yangu. Sikuthubutu. Nikauliza kitu kingine.

"Begi lako liko wapi?"

"Tanga."

Mtu anayeacha begi ana mpango wa kulifuata. Nikamwona tayari kwenye basi la kurudi, madumu matupu mapajani.

"Utalifuata lini?"

"Basi lilijaa," alisema, bila kugeuka. "Konda akaniambia nichague, begi au madumu. Nguo nikawaambia wadogo zangu wagawane."

"Zote?"

"Zote. Hata lile koti la kazini."

Aliendelea kumimina. Nikaomba udhuru, nikaingia jikoni, nikalia na kanga mdomoni ili kaka yangu asinisikie. Jumamosi yake tulikwenda mnadani kumtafutia suruali za mitumba. Yeye alisema moja ya kubadilishia inatosha. Nilimnunulia za kujaza kabati.